Kulinda Pikapu Yenye Kibanda cha Kulala Unapoiacha Kigoma na Kupanda Boti

Hifadhi ya Taifa ya Gombe iko kilometa 16 hivi kaskazini mwa mji wa Kigoma, na mgeni huifikia kwa boti. Hifadhi ya Milima ya Mahale iko kusini zaidi, takribani kilometa 130 kutoka mjini, na ndani yake watu hutembea kwa miguu. Kwa sababu hiyo anayefika Kigoma na gari la safari, hasa pikapu iliyobebeshwa kibanda cha kulala, kwa kawaida hana budi kuliacha mjini: usiku mmoja au miwili kama anakwenda Gombe, na pengine wiki nzima kama anakwenda Mahale. Kibanda hicho ni chumba kilichojaa. Kina godoro, friji, betri za akiba, paneli za sola, jiko na mtungi wake wa gesi, vyombo, nguo na zana. Apitaye njia hukiona kutoka mbali, na akikiona siku ya pili hakijasogea, anajua kwamba mwenyewe hayupo.

Wenye magari wengi wanapofikiria wizi hukimbilia dukani kununua kufuli. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia mwisho. Kufuli humchelewesha mwizi kwa dakika chache, na dakika hizo zina faida pale tu ambapo yupo mtu wa kusikia chuma kikigongwa na kutoka nje kutazama. Kwa hiyo, baada ya maandalizi machache ya nyumbani, mwongozo huu unashughulika kwanza na mtu utakayemwachia gari, kisha mahali litakapolala, na vyuma vinafuata baadaye.

Ni vyema pia kujua mwizi anataka nini. Kuondoka Kigoma na gari zima la namna hii ni kazi ngumu, kwa kuwa barabara kuu za kutokea zinahesabika: moja inakwenda Kasulu na Kibondo hadi Nyakanazi, nyingine inakwenda Uvinza na kugawanyika kuelekea Tabora na Mpanda, na nyingine inapanda Manyovu hadi mpaka wa Burundi. Pikapu yenye kibanda mgongoni haifichiki katika barabara hizo. Kilicho rahisi ni kuchukua vipande: betri, vioo vya pembeni, taa za indiketa, tairi la spea, redio, dizeli iliyomo tangini, mtungi wa gesi, paneli ya sola iliyoshikwa na bolti nne. Hivyo vyote hubebwa begani usiku na kuuzwa asubuhi, na hatua nyingi zinazofuata zimelenga vipande hivyo zaidi kuliko gari lenyewe.

Hatua ya 1: Mambo ya kumaliza nyumbani

Chora namba ya usajili wa gari kwenye vioo vyote, kwenye taa, na kwenye vioo vya pembeni, kama madereva wengi nchini wanavyofanya tayari. Kazi hiyo usiishie kwenye gari. Ichore pia kwenye madirisha ya kibanda, kwenye fremu ya kila paneli ya sola, ubavuni mwa friji, kwenye inveta na kwenye betri. Kifaa chenye namba ya gari la mtu kina bei ndogo kwa mnunuzi wa vitu vya wizi, na kikikamatwa ni rahisi kuthibitisha kuwa ni chako. Mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya ubao wa kitanda na nyuma ya kabati, andika namba yako ya simu kwa rangi isiyofutika.

Andika katika daftari namba ya chesisi, namba ya injini, na namba za utambulisho za kila kifaa cha umeme, kisha upige picha za gari pande zote nne na ndani ya kibanda kabati zikiwa wazi. Kadi ya gari usiiache ndani ya gari hata kwa saa moja, kwa kuwa mwizi mwenye gari na kadi yake anapata urahisi mkubwa wa kujifanya mwenye mali. Beba nakala kivuli yake, na ile halisi iache nyumbani au uende nayo safarini. Gari lililosajiliwa nje ya nchi na kuingia kwa kibali cha muda cha forodha linahitaji uangalifu wa ziada, maana mwenyewe ana wajibu wa kulitoa nchini, na likiibwa atatakiwa kuwaeleza maofisa wa forodha kwa karatasi za polisi kwa nini halikutoka.

Kuhusu bima, ile ndogo inayolinda wahusika wengine haimlipi mwenye gari aliyeibiwa. Inayohusika na wizi ni bima kubwa. Hata hiyo isome kifungu kwa kifungu kabla ya safari. Muulize wakala maswali mawili na umtake ajibu kwa maandishi: je, kibanda kimehesabiwa kuwa sehemu ya gari au ni mzigo uliobebwa; na je, kifaa kikiibwa peke yake, gari likabaki, kinalipwa? Mara nyingi kibanda kiliongezwa baada ya gari kununuliwa, na thamani iliyoandikwa katika bima ni ya pikapu tupu. Usalama wa kweli uko katika kuirekebisha thamani hiyo mapema.

Hatua ya 2: Kumtafuta mtu na mahali

Anza kutafuta kwa simu wiki moja kabla ya kufika, kupitia wenyeji unaowajua, dereva mwenzio, au nyumba ya wageni utakayolala usiku wa kabla ya boti. Unachotafuta ni eneo lenye uzio ambamo watu wanaishi, wanapika na kulea watoto. Eneo lenye mlinzi mmoja na ukuta mrefu bila mkaazi linapendeza machoni, lakini mlinzi yule akisinzia, au akiamua kushirikiana na wezi, hakuna wa pili wa kujua. Familia inayoamka alfajiri kufagia uwanja huona kila kilichobadilika. Kwa hiyo nyumba ya wageni inayokaliwa na mwenyewe, au uwanja wa parokia wenye mapadri na wafanyakazi wanaolala humo, mimi naziweka mbele ya maegesho makubwa ya kulipia.

Ufukwe wa Kibirizi, ambako boti nyingi za kaskazini huondokea, haufai kuachia gari. Pale kila mtu amekuona ukishusha mizigo na kupanda boti, na boti yenyewe inatangaza unakokwenda na takribani siku utakazokaa. Tena katika miaka hii ya 2020 maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda na kuingia maeneo ya ufukweni, na gari lisilo na mtu wa kulisogeza halina pa kukimbilia. Stesheni ya reli nayo ni mahali pa watu wengi wasiojuana, na watu wengi wasiojuana si ulinzi. Kituo cha polisi kinaweza kufaa iwapo mkuu wa kituo mwenyewe ameridhia na ametaja askari wa kulitazama. Kuegesha tu nje ya kituo bila idhini hakumpi mtu yeyote wajibu wa kukulindia.

Ukipata mahali, zungumza na mwenye eneo kabla ya kuzungumza na kijana wa getini, na uzungumze kwa heshima inayostahili. Maneno kama haya yanatosha: "Shikamoo mzee. Naomba kuacha gari langu uani kwako kwa siku saba nikiwa Mahale. Nimekuja kwako wewe mwenyewe ili ujue ni mali ya nani na inabaki kwa muda gani, na tukubaliane gharama mbele ya mlinzi." Mzee aliyeombwa hivyo amebeba dhamana mbele ya jirani zake, na dhamana hiyo ina uzito kuliko risiti ya maegesho.

Kisha uliza mambo ya wazi. Nani analala hapa kila usiku? Geti hufungwa saa ngapi, na funguo zake zinakaa kwa nani? Mlinzi wa usiku anapokezana na nani? Umeme ukikatika, kuna taa nyingine? Usiridhike na majibu ya mchana. Rudi saa tano usiku bila kutoa taarifa, simama nje ya geti, na utazame kama taa inawaka na kama mlinzi anaitika. Ziara hiyo moja itakueleza mengi kuliko nusu saa ya mazungumzo.

Mlinzi apewe malipo yake mwenyewe, mbali na gharama ya mwenye eneo, kwa sababu walinzi wengi hulipwa kidogo na gari lako linamwongezea kazi. Mpe sehemu ya kwanza unapoondoka na umwahidi iliyobaki utakaporudi, na ahadi hiyo itamkwe mbele ya tajiri wake. Mwachie salio la simu la kutosha kukupigia wewe na mtu wako wa mjini. Mweleze kwamba akisikia kitu apige filimbi, awashe taa, awaamshe watu wa nyumbani na apige simu. Hatakiwi kupambana na mtu mwenye panga kwa ajili ya betri.

Hapa kuna jambo ninaloliona ni la lazima kusemwa. Katika mikoa yetu ya magharibi watu wana desturi ya kuitikia yowe, na ulinzi wa sungusungu ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika Usukuma na Unyamwezi uliijenga zaidi. Desturi hiyo inalinda mali nyingi, lakini usiku wa hasira inaweza kumuua mtu. Mwambie mlinzi na mwenye eneo, kabla hujaondoka, kwamba anayekamatwa akipekua gari lako apelekwe polisi akiwa mzima, na kwamba hilo ndilo agizo lako. Kioo kinanunuliwa tena Mwanga, papa hapa mjini Kigoma, au hata Tabora, na roho ya mtu haina duka.

Mwenyekiti wa mtaa naye apewe taarifa, kwa kumtembelea au kwa simu kupitia mwenye eneo. Ni dakika kumi tu, nazo humfanya kiongozi aliye karibu zaidi ajue kwamba gari lile lina mwenyewe na kwamba mtu akija na lori la kulivuta hajatumwa na yeyote.

Hatua ya 3: Makabidhiano ya maandishi

Andikeni karatasi moja kwa nakala mbili, mkiwa mmesimama mbele ya gari. Iwe na tarehe, jina la mwenye gari na la mpokeaji, namba ya usajili, kilometa zinazosomeka kwenye dashibodi, kiasi cha mafuta, na orodha ya vitu vya nje ambavyo mwizi angevitaka: tairi la spea, vioo vya pembeni, paneli za sola na idadi yake, jeki, miguu ya kibanda. Ongezeni siku unayotarajiwa kurudi, na jina na simu ya mtu mmoja mjini atakayepigiwa wewe usipopatikana, kwa kuwa kuna sehemu za ziwa ambako simu haishiki. Sahihi ziwe tatu: yako, ya mwenye eneo na ya mlinzi wa zamu.

Wapo wanaoona aibu kuandikiana na mtu aliyewapokea vizuri. Aibu hiyo haina msingi, maana karatasi inamlinda mpokeaji pia: mgeni asiye mwaminifu hawezi kurudi na kudai spea ambayo hakuja nayo.

Ufunguo ni swali gumu. Mwenye eneo atasema, na kwa haki, kwamba moto ukizuka au ukuta ukianguka anahitaji kulisogeza gari. Mimi hupendelea kutafuta sehemu ya uwanja ambayo gari halitahitaji kusogezwa, na kuondoka na funguo zote. Ikishindikana, weka ufunguo wa pikapu peke yake katika bahasha, ifunge, tia sahihi juu ya mkunjo, na umkabidhi mwenye eneo, asipewe mlinzi. Ufunguo wa kibanda ubaki nawe. Swichi ya siri, nitakayoieleza mbele, itajwe kwa simu siku itakapohitajika.

Hatua ya 4: Kutoa kilicho ndani

Kila kinachoweza kutolewa kitolewe: simu za akiba, kompyuta, darubini, kamera, dawa, fedha, hati za kusafiria, redio inayochomoleka, mtungi wa gesi, majerikeni ya dari, jembe na shoka vilivyofungwa ubavuni. Mwombe mwenye eneo kona ya stoo yake na uviorodheshe katika karatasi ileile. Mtungi wa gesi uwekwe mahali penye hewa, nje ya chumba cha kulala, valvu ikiwa imefungwa. Zana zisisahaulike, kwa sababu mwizi aliyekuja mikono mitupu akikuta mtarimbo na spana zako juu ya gari atafungulia gari kwa vifaa vyako mwenyewe.

Kabati zilizobaki ziache wazi na friji ikiwa tupu, mlango wake umeegemezwa kitambaa usifunge. Katika sehemu ya dereva fungua kisanduku cha dashibodi na uondoe nguo iliyofunika kiti, ili anayechungulia aone kwamba hakuna kilichofichwa na aokoe kioo chako. Kibanda chenyewe kinahitaji kinyume chake: mapazia yafungwe kabisa, maana hata chumba kitupu kina godoro na sinki vya kutamanisha.

Dizeli usiache tangi limejaa. Acha ya kukufikisha Kasulu au Uvinza, na weka kifuniko cha tangi chenye kufuli.

Hatua ya 5: Kuegesha

Mji wa Kigoma umekaa kwenye miteremko inayoshuka ziwani, na uwanja ulio tambarare kabisa si rahisi kuupata. Gari lililoelekezwa chini ya mteremko linaweza kusukumwa likaenda bila injini kuwashwa, kwa hiyo lielekeze pua juu, au bora zaidi uliegeshe pua ikitazama ukuta. Zungusha magurudumu ya mbele hadi mwisho upande mmoja, funga usukani, weka gia, vuta breki ya mkono, na uweke mawe makubwa kwenye matairi mawili.

Mlango wa kibanda, ambao kwa kawaida uko nyuma, uelekee dirisha au baraza ambako watu hukaa. Wengi huuficha kwa kuurudisha ukutani wakidhani wanaulinda. Ukuta unafaa pale tu ambapo nafasi iliyobaki ni ndogo kiasi kwamba mlango hauwezi kufunguka hata ukivunjwa kitasa. Ikibaki nafasi ya mtu kusimama, umemjengea mwizi chumba cha kufanyia kazi bila kuonekana. Epuka pia kuegesha chini ya mti wenye tawi linalovuka uzio, au karibu na tangi au banda ambalo mtu anaweza kulipanda akafikia paneli za darini.

Hatua ya 6: Milango, madirisha na vitasa

Sasa tuje kwenye vyuma. Vibanda vingi vilivyotengenezwa Marekani vina vitasa vidogo vya vijimlango vya nje vinavyofunguliwa na ufunguo wa aina moja, wenye herufi na namba CH751 zilizogongwa juu yake. Ufunguo huo umeenea duniani kwenye magari ya kulala, na anayemiliki kibanda kimoja anaweza kufungua vijimlango vya kingine asichokijua. Tazama ufunguo wako leo. Ukikuta maandishi hayo, badilisha vitasa hivyo vyote kabla ya safari. Hata visivyo na namba hiyo mara nyingi ni vya bati jepesi, na bisibisi nene huvigeuza kwa nguvu.

Mlango mkuu nao una fremu ya alumini inayopindika ukiingizwa mtarimbo pembeni mwa kitasa. Mwombe fundi wa kuchomelea akutengenezee komeo la chuma na kulifunga kwa bolti zinazopita ukutani hadi ndani, zikishikwa na kipande cha bati nene upande wa pili. Skrubu za mbao zinazoshika komeo kwa nje hung'oka kwa mvuto mmoja. Angalia bawaba pia: kama pini yake inatoka kwa kugongwa na nyundo, fundi aipige tone la kulehemu kwenye ncha.

Madirisha ya kibanda mara nyingi ni ya plastiki ngumu, na vishikizo vyake hufunguka kwa kuingiza kisu. Kata fimbo ya mti mgumu, urefu sawa na nafasi ya kusukumia dirisha, uilaze kwenye reli yake kwa ndani. Kijidirisha kati ya sehemu ya dereva na kibanda husahaulika kuliko vyote, na mwizi aliyevunja kioo cha mlango wa dereva huingia kwa hapo. Kipachike ubao.

Ukinunua mnyororo, chukua wenye unene usiopungua milimita 10, na uupime kwa tupa dukani kabla ya kulipa. Tupa ikiuma na kuacha mkwaruzo mzito, ni chuma laini ambacho msumeno utakikata. Ikiteleza, ni chuma kigumu. Mnyororo usilale chini, kwa kuwa kilicholala juu ya zege ni rahisi kupigwa nyundo au kukanyagiwa mkasi wa chuma. Upitishe juu, ukiwa umekazwa, kufuli likiangalia ndani. Tairi la spea na fremu za paneli za sola zipate nati za kufuli au bolti zilizokatwa vichwa, na kila gurudumu lipate nati moja ya kufuli. Kishikio cha kufungulia nati hizo kiende nawe kwenye boti. Katika msimu wa mvua, ambao huku kwetu huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi karibu Mei, vitasa vipakwe unga wa risasi ya penseli. Mafuta hukusanya vumbi na kugandisha.

Hatua ya 7: Kibanda kikiteremshwa

Wapo wanaokiteremsha kibanda na kukiacha kimesimama juu ya miguu yake ya jeki ili pikapu iende kazini. Hali hiyo ni ya hatari zaidi kuliko zote, kwa kuwa mwizi mwenye pikapu ya ukubwa unaolingana anaweza kurudi kinyumenyume chini yake, akakishusha mgongoni mwa gari lake na kuondoka na nyumba nzima. Ikiwezekana kiache kibanda juu ya pikapu. Kikiwa juu, vyuma vya skrubu vinavyokikazia kwenye bodi navyo vifungwe kwa kufuli ndogo, vinginevyo hulegezwa kwa mkono.

Kama ni lazima kukiteremsha, kishushe hadi chini kabisa kikalie magogo au mbao nene, ili bodi ya gari isiweze kuingia chini yake. Mbao hizo zitenganishwe na ardhi kwa matofali, maana mchwa wa Kigoma na Tabora hawahitaji wiki nyingi kuharibu ubao. Ondoa mipini ya kuzungushia jeki na uiweke stoo. Pikapu, ikiwa inabaki palepale, iegeshwe kwa ubavu mbele ya upande ambao gari huingilia, na mnyororo uunganishe fremu ya kibanda na nguzo ya zege au mti mkubwa.

Hatua ya 8: Umeme na kifaa cha kufuatilia

Fundi umeme wa magari anaweza kukufungia swichi ya siri kwa nusu siku. Katika injini ya petroli swichi hiyo hukata umeme wa pampu ya mafuta. Katika injini nyingi za dizeli za zamani hukata waya wa valvu ya umeme inayoruhusu mafuta kuingia kwenye pampu. Injini itazungushwa na starta lakini haitawaka, na mwizi atadhani gari ni bovu. Swichi iwekwe mahali ambapo mkono wa mgeni haufiki kwa kubahatisha, na fundi aliyeifunga asiwe wa gereji iliyo jirani na utakapoacha gari.

Kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti hutuma mahali lilipo kupitia laini ya simu, hivyo hakikisha laini imesajiliwa kwa jina lako na ina bando la kutosha hadi baada ya siku ya kurudi. Tatizo kubwa ni umeme. Ukichomoa waya wa hasi wa betri ya gari ili kuilinda, kifaa kinabaki na betri yake ndogo na kuzimika mapema. Kiunganishe na betri za kibanda zinazochajiwa na sola. Kifaa kinachotumia milliampea 20 hula takribani ampea-saa 5 kwa siku kumi, kiasi ambacho betri ya ampea-saa 70 iliyo nzima haitakisikia hata mawingu yakifunika. Pima betri kabla ya kuondoka: betri ya asidi iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma karibu volti 12.6.

Ujumbe wa tahadhari usije kwako peke yako. Uende pia kwa yule mtu wa mjini uliyemwandika katika makabidhiano, kwa sababu ujumbe unaoifikia simu iliyozimika katikati ya ziwa haumsaidii mtu.

Hatua ya 9: Siku ya kupanda boti

Acha gari jioni ya kabla yake, kisha nenda ufukweni kwa teksi au bajaji ukiwa na mizigo michache. Dereva atauliza unakwenda wapi na unarudi lini, na mara nyingi anauliza kwa wema. Mjibu kwa wema bila kutaja siku wala mahali gari lilipo. Picha za safari ziwekwe mtandaoni baada ya kurudi. Ukiwa njiani mpigie mwenye eneo mara moja kila siku mtandao ukiruhusu, umsalimie kwanza yeye na watu wa nyumbani kwake, kisha umuulize kuhusu gari.

Hatua ya 10: Ukirudi

Usiwashe injini mara moja. Zunguka gari na karatasi ya makabidhiano mkononi, mwenye eneo akiwapo. Tazama taa, vioo, spea, paneli, komeo, na kifuniko cha tangi. Chungulia chini ya gari kama kuna mafuta yaliyodondoka au waya uliokatwa, na gusa kila nati ya gurudumu, kwa kuwa mwizi aliyekurupushwa huenda ameacha kazi nusu. Pima oili. Kisha rudisha waya wa betri na swichi ya siri, uwashe.

Ukikuta kitu kimeibwa, usiguse sehemu iliyovunjwa kabla ya kuipiga picha. Mjulishe mwenye eneo na mwenyekiti wa mtaa, nenda polisi ukaandikishe taarifa na upewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi, na siku hiyohiyo umwarifu wakala wa bima kwa maandishi. Namba zilizochorwa kwenye vifaa na orodha ya daftari ndizo zitakazowapa askari kitu cha kutafutia. Mtu akikufuata kwa siri na kukuambia anajua kioo chako kilipo na kwamba utakirudishiwa kwa bei nafuu, mweleze afisa anayeshughulikia RB yako. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na ukinunua kilicho chako kwa njia hiyo utakuwa umelipia wizi wa gari linalofuata.

Kama kila kitu kipo, maliza malipo ya mlinzi mbele ya mwenye eneo, tieni sahihi za kupokea gari chini ya nakala zote mbili, na uombe bahasha yako ikiwa ulimwachia. Simama baada ya kilometa hamsini hivi, iwe umeshika njia ya Kasulu au ya Uvinza, ukaze tena nati za magurudumu na vyuma vinavyoshika kibanda.